Ng'onda wa Chumba cha Boila

Tarehe 9 Agosti 1966, katika kambi ya Sangley Point, Cavite, Hermogenes Payumo aliinua mkono wa kulia na kuapa kulitumikia Jeshi la Wanamaji la Marekani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Alipewa kazi ambayo karibu kila Mfilipino aliyeapishwa siku zile alipewa: mhudumu wa maofisa. Kumimina kahawa, kupiga pasi, kutandika vitanda, kupanga uma upande wa kushoto wa sahani.

Uma bado anazipanga. Nyumbani kwake National City, kusini kidogo mwa San Diego, hapiti mezani bila kuzinyoosha, hata kama chakula kimeshaliwa. Siku hizi hupita mara nyingi, maana hatulii. Hutoka jikoni kwenda sebuleni, sebuleni kwenda mlangoni, mrija wa oksijeni ukimfuata nyuma na kujizungusha kwenye miguu ya viti. Anafungua jokofu, halafu analifunga bila kutoa kitu. Anakwenda kutazama sanduku la barua kabla tarishi hajafika mtaani.

"Kaa, Baba," mkewe, Consolacion, humwambia.

"Nimekaa."

"Umesimama."

"Nimekaa kwa ndani."

Februari mwaka huu wa 2019, madaktari walimtoa maji kwenye upande wa kulia wa kifua wakakuta saratani ya utando wa mapafu. Ugonjwa huo una chanzo kimoja kinachojulikana kuliko vyote, nacho ni asbesto, zile nyuzi za mawe ambazo manowari zote za zamani zilivikwa kwenye mabomba ya mvuke ili joto lisipotee. Ukivuta vumbi lake ukiwa kijana, linaweza kukaa kimya mpaka una wajukuu.

Hermogenes aliihudumia manowari moja tu kwa muda mrefu, Tillery, na aliacha jeshi mwaka 1975 bila kufikisha miaka ya pensheni. Baada ya hapo alihudumu kwenye karamu za hoteli mpaka magoti yakakataa. Akiba haikuwepo. Kwa hiyo jambo lilikuwa hivi: serikali ikikubali kwamba ugonjwa ulitoka melini, atalipwa fidia kamili, na akifa Consolacion atapata pensheni ya mjane. Ikikataa, Consolacion atabaki na nyumba isiyolipiwa na bintiye Rowena, ambaye naye ana nyumba isiyolipiwa.

Serikali ilikataa mwezi wa Mei.

Barua ya kukataa waliipeleka kwa Loretta Pickens, ambaye kazi yake katika ofisi ya kaunti ni kuwasaidia askari wastaafu kudai haki zao. Mwanamke huyo wa Alabama naye alikuwa mwanamaji miaka ya themanini. Miwani yake huning'inia kifuani kwa mnyororo, na wateja wake wote wenye mvi huwaita "mzee wangu". Aliisoma barua akiwa amesimama.

Sababu ilikuwa wazi. Jeshi lina orodha ya kazi za melini, na kila kazi imepewa kiwango cha uwezekano wa kukutana na asbesto. Fundi wa boila, uwezekano mkubwa sana. Mhudumu wa maofisa, uwezekano mdogo. Hapo pangeweza kubishaniwa. Ila palikuwa na sababu ya pili, na hiyo Loretta aliirudia kwa sauti.

"Mzee wangu, hapa wanasema daktari wao alikuuliza kama uliwahi kuingia chumba cha boila, ukajibu hapana."

"Ndiyo."

"Ndiyo uliingia, au ndiyo ulijibu hapana?"

"Ndiyo, nilijibu hapana."

"Na uliingia?"

Hermogenes alisimama. Akaenda dirishani na mtungi wake mdogo wa magurudumu, akatazama maegesho ya magari, akarudi, akanyoosha kalamu mbili zilizokuwa mezani kwa Loretta.

"Baba, mama anakuuliza," Consolacion alisema.

"Kila siku."

"Kila siku nini?"

"Niliingia kila siku. Maofisa wakishamaliza chakula cha mchana."

Loretta akavaa miwani. "Kufanya nini huko chini? Wewe si ulikuwa na koti jeupe?"

"Samaki," alisema Hermogenes.

Consolacion aligeuka kwenye kiti. "Samaki wa hadithi ya Poli?"

"Ndio hao."

"Mimi nilidhani ni chumvi za matanga."

Wafilipino wa National City wanaijua hadithi ya samaki. Kila baharia wa Tillery anapozikwa, Policarpio Nuguid, mwenyekiti wa chama cha wanamaji wastaafu wa Kifilipino, husimama siku ya tisa ya maombolezo na kuisimulia kwa Kitagalog. Wahudumu wa Tillery walikuwa wakiletewa tuyo kutoka nyumbani, yaani ng'onda wadogo wenye chumvi ambao wakikaangwa jirani wa tatu anajua. Ofisa wa pili kwa cheo alilalamika kwamba harufu imeingia kwenye mapazia ya chumba cha maofisa, akapiga marufuku samaki huyo kukaangwa popote melini. Basi wakahamia chini, kwenye chumba cha boila. Poli mwenyewe, ambaye alikuwa mhudumu kabla Wafilipino hawajaruhusiwa kubadili kazi, sasa alikuwa fundi wa boila na mkuu wa zamu. Bomba la mvuke lilikuwa limefungwa plasta nene na kitambaa juu yake. Wao waliliita blanketi. Mmoja wao alikuwa akilipasua mshono, anainua plasta, analaza samaki waliofungwa kwa foili juu ya chuma cha moto, kisha analifunika tena. Wali waliupika kwenye kopo la kahawa. Siki na kitunguu saumu vilifichwa kwenye ndoo ya zimamoto.

Hadithi hiyo ina kanuni yake. Waliokufa hutajwa majina, walio hai hawatajwi. Wakiwa bado melini waliahidiana kwamba hakuna atakayemtaja mwenzake kwa ofisa yeyote, na ahadi haikuwekewa mwisho. Ila maiti hawezi kupelekwa mbele ya nahodha, kwa hiyo maiti hutajwa.

"Aliyekuwa anapasua blanketi ni nani?" Loretta aliuliza.

Hermogenes alitazama vidole vyake. Vidole vilivyokuwa vikikunja vitambaa vya meza kuwa maua. "Nilikuwa na mkono mwepesi," alisema.

"Kila siku, kwa miaka mingapi?"

"Minne na kitu."

"Na daktari alipokuuliza, ukasema hapana kwa sababu ya ahadi ya samaki."

"Aliniuliza kama ofisa. Alikuwa amevaa tai."

Loretta alivua miwani. "Miaka yote hii nimeona watu wanaidanganya serikali ili walipwe. Wewe ni wa kwanza kunijia ambaye umeidanganya ili usilipwe."

Kisha akamweleza msimamo, bila mzaha. Rufaa inawezekana. Lakini neno lake la leo linapingana na neno lake la mwezi wa Aprili, na mtu anayebadili maneno baada ya kunyimwa haaminiwi kirahisi. Anahitaji mtu mwingine aliyemwona kwa macho yake akiwa kwenye vumbi lile, na aandike na kusaini. Hadithi ya matangani si ushahidi.

"Nani yuko hai?"

"Poli."

Poli anakaa Paradise Hills, mwendo mfupi kwa gari, kwenye nyumba yenye bendera mbili. Ndiye aliyemsimamia Rowena ubatizo, na tangu siku hiyo yeye na Hermogenes huitana "pare", kama waitanavyo kwao wanaume waliounganishwa na mtoto wa ubatizo. Poli alibaki jeshini akamaliza na cheo kikubwa. Mapafu yake nayo yana makovu ya asbesto, si saratani, na alipodai alilipwa bila kuulizwa swali lolote la maana. Alikuwa fundi wa boila. Orodha ilimsemea.

Walikaa kwenye veranda. Poli alileta birika la kahawa, na kabla hajaketi Hermogenes alikuwa ameshalichukua, amemmiminia kutoka upande wa kulia, na kufuta mdomo wa birika kwa kitambaa. Alipogundua alichofanya akaliweka chini, akahama kiti.

"Nitaandika kwamba wewe ni mtu mwema, pare," Poli alisema. "Nitaandika umelitumikia taifa. Ukitaka nitapiga muhuri wa chama."

"Wema sihitaji. Nahitaji samaki."

"Hilo siwezi."

"Unalisema kila matanga."

"Kwa Kitagalog. Kwa watu wetu." Poli alitazama barabarani kama mtu anayesubiri gari. "Unakumbuka siku yule ofisa alipoinusa harufu ngazini? Nahodha aliniita. Akaniuliza kama kuna mtu asiye wa boila anayeshuka kule. Nikaapa hakuna. Leo niandike kwamba walikuwepo, tena kila siku? Nitakuwa nimekiri kwamba niliapa uongo nikiwa mkuu wa zamu. Watanikata pensheni."

"Kwa sababu ya samaki?"

"Kwa sababu ya kiapo. Samaki hata hawataki kumjua."

"Ni miaka arobaini na sita, pare."

"Jeshi halisahau."

"Mimi limenisahau."

Hermogenes aliinuka, akazunguka veranda, akanyoosha zulia la mlangoni kwa ncha ya kiatu. Alimwambia Consolacion awashe gari kabla kahawa haijapoa.

Juni na Julai zilipita hivyo. Maji ya kifuani yalirudi, yakatolewa, yakarudi mapema kuliko mara ya kwanza. Usingizi alikuwa akiupata akiwa ameketi, basi akaamua kwamba kitanda ni adui, akahamia kiti cha sebuleni, kisha kiti cha jikoni. Asubuhi alitaka apelekwe kwenye uzio wa kambi ya wanamaji kuziona meli. Wakifika alitaka warudi. Rowena alimwambia mama yake amwendee Ninong Poli, baba yake wa ubatizo, amlilie, na Consolacion akasema hana machozi ya kumpelekea mtu ambaye tayari ana karamu.

"Karamu gani?" Rowena aliuliza.

"Ya baba yako. Poli ameshaipanga. Hotuba anayo."

Agosti akafariki Eleuterio Bagtas, Teryo, mhudumu mwingine wa Tillery, kwa ugonjwa wa moyo. Siku ya tisa watu walijaa ukumbi wa parokia baada ya misa ya mchana. Palikuwa na tambi za kukaanga, nguruwe wa kuchoma, wali, na uma za plastiki ambazo Hermogenes alizipanga meza nzima kabla ya sala kuanza. Loretta Pickens naye alikuja, kwa kuwa alikuwa amemshughulikia Teryo mambo yake ya kiinua mgongo. Alikaa karibu na mlango na sahani iliyojaa, akitabasamu kila waliomzunguka walipotabasamu.

Poli alishika kipaza sauti. Shati lake la sherehe lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Alianza na mapazia ya chumba cha maofisa, akamwiga yule ofisa akivuta pua, na watoto ambao hawajawahi kupanda meli wakacheka pale pale baba zao walipocheka. Akafika chini, kwenye joto, kwenye kopo la kahawa.

"Na walaji ni hawa," alisema. "Ulpiano, Mungu amrehemu. Dading, Mungu amrehemu, ambaye alikula vichwa tu. Teryo wetu wa leo, ambaye hakuwahi kubakiza hata kimoja. Na mpasua blanketi mwenyewe, mkono mwepesi kuliko daktari wa upasuaji. Huyo bado anapumua, kwa hiyo simtaji."

Ukumbi ulicheka. Vichwa viligeuka kumtazama Hermogenes, ambaye alikuwa akizipanga upya uma.

Consolacion alisimama. "Mtaje."

Kicheko kilikatika vipande vipande, meza moja baada ya nyingine.

"Siony," Poli alimwita kwa jina lake la mkato, kwa upole, kipaza sauti bado kikiwa mdomoni, "utaratibu unaujua."

"Naujua. Utamtaja akifa. Utasimama hapo hapo, na shati hilo hilo, utasema alikuwa na mkono mwepesi, watu watacheka. Mimi nitakuwa mstari wa mbele, sijui nitalala wapi mwezi unaofuata. Mtaje sasa."

"Siony, haya ni matanga ya watu," mzee mmoja alinong'ona kwa nguvu.

Mjane wa Teryo aliweka glasi yake mezani. "Mwache. Teryo hadithi hii alikuwa ameichoka. Alitaka siku moja ibadilike."

"Na uiseme kwa Kiingereza," Consolacion aliendelea. "Mama Pickens yule pale na tambi zake. Anacheka tangu tuanze, na hajaelewa hata neno."

Loretta alisikia jina lake akaacha kutafuna.

Poli alishusha kipaza sauti. Akashuka jukwaani, akapita katikati ya meza mpaka mbele ya Loretta, na kumwuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mtu mwingine, kama jeshi linaweza kumnyang'anya mstaafu pensheni.

"Kwa kosa gani?"

"Kwa samaki."

Loretta alimeza. "Bwana Nuguid, hakuna mtu serikalini anayelipwa vya kutosha kufuatilia samaki wa mwaka sabini na tatu."

"Kuna kiapo pia. Niliapa mbele ya nahodha."

"Kwa Biblia?"

"Hapana. Alikuwa anakunywa kahawa. Aliniambia, niapie kwamba hakuna mtu. Nikamwapia."

"Nani mwingine alikuwepo?"

Poli alinyoosha kidole, bila kugeuka, kuelekea kwenye meza ya uma. "Yeye. Ndiye aliyekuwa anamimina."

Kwa mara ya kwanza siku ile ukumbi ulicheka kitu ambacho hakikuwemo kwenye hadithi. Poli hakucheka. Alivuta kiti, akaketi mbele ya Loretta, akamtaja Hermogenes Payumo kwa jina lake lote, na kumweleza kwa Kiingereza. Hakumwiga ofisa. Hakumtaja aliyekula vichwa. Bila mzaha, hadithi ilikuwa fupi.

"Vumbi je?" Loretta aliuliza. Alikuwa ameanza kuandika nyuma ya karatasi ya nyimbo za misa.

"Lilikuwa linamwagika kama unga kila alipoinua ile plasta. Alikuwa anainama juu yake, uso hapa, bomba hapa." Poli alionyesha kwa viganja viwili, na nafasi kati yake ilikuwa ndogo. "Lilikuwa jeupe, na koti lake jeupe, kwa hiyo huko juu halikuonekana. Kabla hajapanda ngazi mimi ndiye niliyemkung'uta mabega kwa mkono, ili wasimnuse."

"Kila siku?"

"Tukiwa baharini, kila siku."

Hermogenes alikuwa amefika nyuma yao na mtungi wake. "Na kwenye nywele," alisema. "Ulikuwa unanikung'uta na nywele."

"Na nywele," Poli alisema. "Andika na nywele, mama."

Waliobaki walirudi kwenye chakula. Consolacion alimletea Poli sahani, akaiweka mbele yake bila neno. Hermogenes alizunguka meza mara moja, akaichukua uma ya Poli kutoka upande wa kulia na kuihamishia kushoto, kisha akatoka nje kutafuta hewa, akarudi, akatoka tena.

Jumatatu iliyofuata Poli alikwenda ofisini kwa Loretta akiwa amevaa tai, akasaini maelezo yake, na kuuliza tena habari za pensheni. Siku hiyo hiyo Hermogenes naye alisaini ya kwake, akieleza kwa nini alimjibu daktari hapana. Loretta alimwambia aiandike kama alivyoisema, na asiipambe. Rufaa ikapelekwa.

Kikao kitafanyika Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, saa tatu asubuhi, kwa njia ya video. Policarpio Nuguid atatoa ushahidi wa kwanza, na Hermogenes Payumo wa pili. Ikiwa Hermogenes hatakuwa hai siku hiyo, Consolacion ataketi kwenye kiti chake na shauri litaendelea kwa jina lake yeye, mjane.